Mwalimu Aliyepima Miji kwa Chumvi

Mwalimu wetu wa jiografia alikuwa na kipimo chake cha mji. Mji, alisema, ni mahali ambapo chumvi ikikuishia ukiwa jikoni, unaweza kufunika sufuria, ukatoka kwa miguu, ukanunua, ukasalimiana na watu wawili, na ukarudi kabla mchuzi haujakauka. Mahali pengine popote, hata pawe na maghorofa, ni kambi tu. Nilimsikia akisema hivyo mara ya kwanza nikiwa na miaka kumi na mitano, katika shule ya wasichana karibu na mashamba ya mpunga ya Mwea. Nilimsikia tena nikiwa na miaka arobaini na mmoja, jikoni kwa mwanawe huko Lakeville, kusini mwa Minneapolis. Alikuwa amewasili juzi yake. Alisimama dirishani ndani ya koti la mkwewe, akiitazama barabara safi isiyopita mtu.

"Wanjiru," aliniambia kabla hata sijaketi, "hawa watu chumvi wananunua wapi?"

Nikamwambia dukani, dakika kumi kwa gari. Akauliza ni dakika ngapi kwa miguu. Nikasema sijui, sidhani kama kuna aliyewahi kujaribu.

Kesho yake akajaribu. Njia ya waenda kwa miguu ilimwishia baada ya nyumba kama thelathini, akaendelea kwenye nyasi za kando ya barabara kuu, mkoba begani, magari yakimpita kwa kasi. Mtu mmoja, kwa wema nadhani, alipiga simu kwamba kuna bibi amepotea. Polisi kijana akaja, akateremka, akamuuliza kwa upole kama anajua anakoishi. Mwalimu akamjibu kwamba hajawahi kupotea tangu azaliwe, kisha akamuuliza yeye Mto Minnesota uko upande gani. Yule kijana akaonyesha kusini. Mwalimu akamwonyesha kaskazini. Alikataa kupanda gari, kwa hiyo polisi akamfuata nyuma polepole, taa zikiwaka, mpaka mlangoni, na Dani mwanawe akakaribia kuzimia alipofungua. Mwalimu aliingia na pakiti mbili za chumvi.

"Ana adabu huyo kijana," alituambia, "ila dira haijui."

Sisi wanafunzi wake wa zamani tulikuwa tumetapakaa Minnesota kama mbegu. Wengi ni wauguzi kama mimi. Mmoja yuko kwenye ghala kubwa la Shakopee, anapanga mizigo inayokwenda majumbani kwa watu. Mwingine anaendesha lori. Habari kwamba Mwalimu amekuja kumtembelea mwanawe ilipoenea, kila mtu alipiga simu kuniuliza jambo moja: bado ana ile kalamu nyekundu? Nikawaambia anayo. Jumapili ya kwanza tulipompeleka kanisani kwetu, kwenye ibada ya Kiswahili, alikaa safu ya pili akapewa karatasi ya matangazo. Mahubiri yalipokwisha, karatasi ile ilikuwa imejaa wino. Akamtafuta katibu, akampa mkononi, akamwambia kwamba kazi si mbaya. Ndugu mmoja alikuwa amesimama kutoa ushuhuda, akasema siku ile alikuwa anashindwa hata ku-drive kwa vile roho ilivyokuwa imelemewa. Mwalimu alimngoja mlangoni. Sote tulijua atakachomwambia. Alimwambia ushuhuda wake umemgusa sana, na kwamba gari huendeshwa.

Lakini yeye mwenyewe akikasirika alihamia Kiingereza, tena Kiingereza cha zamani cha bweni, na hakuna aliyethubutu kumkumbusha.

Alikuwa na mambo mengi ya namna hiyo, yasiyokaa pamoja. Shuleni alitupokonya peremende na kutuhutubia kuhusu meno. Lakeville niligundua kwamba ndani ya mkoba wake mlikuwa na kopo zima la tofi, na wajukuu walikuwa wanazipata kwa masharti: tofi moja kwa sentensi moja kamili ya Kiswahili. Watoto wale walielewa kila kitu na walijibu kila kitu kwa Kiingereza, kama watoto wetu wote. Neema, yule mkubwa, alikuwa na miaka tisa wakati huo. Sentensi ya kwanza aliyoisema bila kosa ilikuwa, "Nyanya, nipe nyingine."

Aliyetufundisha kusoma ramani hakuweza kulipata gari kwenye uwanja wa kuegesha magari. Hakuweza kabisa. Tulitoka dukani mara nyingi nikamkuta anajaribu kufungua mlango wa mtu mwingine, na nikimwita alikuja kwa mwendo wa mtu aliyekuwa akitazama tu hali ya hewa.

Maana kilichomshinda kuliko vyote ni kukosolewa. Siku moja nilimpima shinikizo la damu, nikaona liko juu, nikamwomba kama muuguzi apunguze chumvi. Alinitazama kana kwamba nimekuja darasani bila sare. Damu ni yangu, alisema. Wiki mbili baadaye alinipigia simu kunipa habari. "Nimegundua jambo," aliniambia. "Mtu akipunguza chumvi, kichwa kinatulia." Nikamshukuru kwa kunijulisha.

Kwa kuwa Lakeville ilikuwa imefeli mtihani, alinidai nimpeleke kwingine, nami siku zangu za mapumziko nilimpeleka. Alitoa alama. Anoka, ule mji mkongwe wa mtoni upande wa kaskazini, uliopangwa wakati watu walikuwa bado wanatembea, ulipata sitini na nane. Saint Paul, kule juu kilimani kwenye nyumba za matofali, ilipata sabini na moja. Ingepata zaidi, alisema, lakini upepo ulimtoa machozi. Minneapolis ilimkera. Nilipomwonyesha yale madaraja yenye vioo yanayounganisha jengo na jengo juu ya barabara, ili watu wasiguswe na baridi, alisimama katikati ya moja akatazama chini. Alisema watu wamepanda juu na kuyaachia magari ardhi. Hakutoa alama.

Ndipo akanitajia Charleston, kule Karolina Kusini.

Nilikumbuka mara moja. Kwa miaka na miaka alikuwa ameuchora mji huo ubaoni bila kutazama kitabu: ulimi wa nchi kavu, mto huku na mto kule, halafu bahari. Ulikuwa mfano wake wa mji wa bandari uliojengwa kwa kipimo cha miguu. Alikuwa hajawahi kuuona. Dani alikataa katakata. Alitaja goti bovu la mama yake, akataja shinikizo la damu, akataja kwamba yeye na mkewe wanafanya kazi zamu zisizokutana na hakuna wa kumsindikiza. Yote yalikuwa kweli. Mwalimu hakubishana naye. Alinigeukia mimi, akaniuliza likizo yangu inaanza lini.

Tulifika mwezi wa nne, tukaacha theluji ya mwisho Minnesota na kuteremka kwenye joto lenye harufu ya maua na matope ya bahari. Nilikuwa nimepanga teksi. Tulipoweka mizigo hotelini katika mji mkongwe, aliniambia teksi siku zote tatu haitahitajika, na hakukosea. Tulitembea. Nyumba zilikuwa zimeipa barabara ubavu, vibaraza vyao virefu vikitazama bustani za pembeni, na Mwalimu alinieleza kabla sijauliza kwamba zimejengwa hivyo zishike upepo wa bahari. Vichochoro vilikuwa vimetandikwa mawe ya mviringo, yale yaliyoletwa na meli tumboni kama uzito wa kuzizuia zisiyumbe. Goti lake lilikuwa linamuuma juu ya mawe yale na hakutaka kushikwa mkono. Asubuhi ya pili alitoka peke yake nikiwa naoga. Aliporudi aliweka pakiti ndogo ya chumvi mezani, akatazama saa.

"Dakika kumi na moja," alisema. "Nimesalimiana na watu wanne. Na wote wameitikia."

Tisini na nne. Hakuna mji mwingine niliousikia ukipata tisini kwake.

Hapo lazima nirudi nyuma kidogo. Nikiwa kidato cha pili, Mwalimu alitufundisha kilimo cha mpunga cha Karolina Kusini. Alitusomea kwamba walowezi kutoka Ulaya walibuni mitaro na milango ya maji, wakageuza vinamasi kuwa mashamba, na watumwa wakatoa nguvu za mikono. Mimi nilikuwa mtoto wa mpunga. Mama yangu aliamka na mpunga na kulala na mpunga. Nilijua jinsi maji yanavyoingizwa shambani na jinsi yanavyotolewa, na kwamba ukikosea siku mbili umekosa mwaka. Nikanyoosha mkono nikauliza hao walowezi walijifunzia wapi, maana kwao hakuna mpunga. Darasa likacheka. Mwalimu hakucheka. Aliniambia kitabu hakina swali hilo, na kwamba msichana anayejua kuliko kitabu hana haja ya darasa. Nilisimama nje karibu na mlingoti wa bendera mpaka kengele ilipolia. Sikuwahi kumkumbusha. Nilidhani amesahau, na mimi mwenyewe nilikuwa nimeamua kwamba halikuniuma.

Siku ya pili Charleston tulijiunga na kikundi kinachozungushwa mjini kwa miguu. Kiongozi alikuwa mama Mmarekani Mweusi wa makamo, mwenye kofia ya majani na sauti isiyo na haraka. Alitupitisha makanisani, kwenye ukuta wa bahari, na mwisho akatusimamisha mahali palipokuwa na gati zamani. Akatuambia kwamba watu walioletwa pale kwa meli, wakiwa watumwa, hakuna anayeweza kuwahesabu wote. Wageni walitoa simu wakapiga picha. Mwalimu hakupiga. Alipomaliza kutazama maji, alimuuliza yule mama nani aliyejua kulima mpunga katika nchi hii.

Yule mama alitabasamu kama mtu aliyekuwa akingoja swali hilo tangu asubuhi. Alisema waliojua ni waliofungwa minyororo. Walitoka pwani ya Afrika Magharibi, kwenye nchi za mpunga, na matajiri wa hapa waliwatafuta watu wa huko kwa sababu walijua thamani ya ujuzi wao. Mitaro, milango ya maji, mbegu, majira, mengi yalikuja vichwani mwao. Mitaa yote hii mizuri mliyotembea, alisema, imesimama juu ya mpunga ule.

Mwalimu alimshukuru.

Tulipita sokoni. Akina mama wanaofuma vikapu kwa nyasi za pwani zenye harufu tamu walikuwa wamekaa nyuma ya kazi zao, na mmoja, mzee mwenye miwani, alikuwa na chombo kipana cha duara, chenye ukingo mfupi. Nilisimama ghafla. Ulikuwa uteo. Ulikuwa uteo wa mama yangu, ule ungo mpana wa kupepetea nafaka, umefumwa kwa majani mengine tu. Nilimwomba niushike. Sikufikiri, mikono ilikwenda yenyewe, rusha, kinga, rusha, kinga, na mwisho ule mtikiso wa pembeni unaopeleka makapi ukingoni. Yule mama aliacha kufuma. Alitazama viganja vyangu, akaniuliza nani amenifundisha. Nikamwambia mama yangu, Kenya. Akasema bibi yake alifanya hivyo hivyo, na mtikiso ule wa mwisho pia, ule ule.

Mwalimu alikuwa nyuma yangu. Nilipogeuka, alikuwa amevua miwani.

"Wanjiru," alisema. "Kile kipindi ulichosimama nje."

"Ilikuwa zamani, Mwalimu."

"Najua ni zamani, mimi ndiye niliyekuwa na saa. Ulikuwa sahihi. Aliyestahili kwenda mlingotini ni mimi."

Nilikuwa nimeupakata ule uteo kifuani kama mtoto. Nilitaka kumwambia kwamba imekwisha, lakini machozi yalinitangulia, na ndipo nikajua kwamba iliniuma, na kwamba iliniuma miaka yote ile. Yeye hakunikumbatia, hakuwa mtu wa kukumbatia. Alisimama tu pale mbele yangu, mbele ya yule mama na wanunuzi, akasubiri nimalize kulia kama mtu anayesubiri mwanafunzi amalize kuandika.

Kisha akasema, "Nilifundisha kosa hilo miaka ishirini na minane. Walioko Minnesota ni wangapi?"

Nikamwambia ninaowajua ni tisa.

"Waite."

Nimewahi kuona watu wakiomba radhi kwa namna nyingi, hospitalini hasa, wakiwa karibu na kufa. Sijaona namna kama ile. Jumamosi iliyofuata tulikusanyika sebuleni kwa Dani, Lakeville, watu wazima saba kati ya wale tisa, wengine wakiwa bado na sare za kazi. Mwenye lori alikuwa ameliacha kazini na kuja na teksi. Mwalimu alikuwa amebandika karatasi kubwa ukutani, akachora ulimi ule wa nchi kavu, mto huku na mto kule. Hakuanza kwa hadithi wala kwa utani. Alisema, "Nilikosea, na niliwafanya ninyi mkosee." Kisha akafundisha upya kipindi kizima, dakika arobaini, kuanzia mbegu mpaka mlango wa maji, na kila mahali alipokuwa ametusomea "walowezi walibuni" alisema nani alibuni. Aliposema kuna mwanafunzi mmoja aliyeuliza swali la haki na akatolewa nje, hakuacha jina langu lipite kimya. Alilitaja lote, la kwanza na la baba.

Yule wa ghala la Shakopee alicheka, nadhani kwa aibu. Mwalimu akamwambia asimame. Akasimama, mwanamke wa miaka arobaini mwenye watoto wanne, akasimama mpaka aliporuhusiwa kukaa. Hivyo ndivyo alivyokuwa. Kuomba radhi hakukumpunguzia ukali hata nukta moja.

Alirudi Kenya, akaja tena, akarudi, akaja mara ya tatu. Safari hii ya tatu ilikuwa mwaka jana. Alikuwa amepungua mwili, na goti lilikuwa limeshinda. Alitembea na kile kiegemeo chenye magurudumu. Mwezi mmoja kabla ya tarehe yake ya kuondoka Dani alinipigia, akaniomba nipite kwake baada ya zamu ya asubuhi. Nilimkuta jikoni. Alikuwa ameanza kujaza fomu za kumwombea mama yake ukaazi wa kudumu. Mama huyo alikuwa amekataa hata kuzitazama.

"Wewe ni nesi," aliniambia. "Na wewe anakusikia. Mwambie hawezi kurudi kukaa peke yake na mguu ule."

Nilikubali. Nilikubaliana naye kwa kweli; nimewaona wazee wengi walioanguka. Nikaenda chumbani nikamkuta Mwalimu ameketi karibu na dirisha. Nilianza na goti, nikaja kwa dawa, nikaja kwa madaktari na hospitali zilizo karibu. Alinisikiliza mpaka mwisho, jambo ambalo si kawaida. Kisha akaniambia, kwa sauti ya chini, kwamba kuanzia mlango wake mpaka sokoni kwao kuna watu wanaomwita kila asubuhi, na kwamba mmoja wao, muuza mboga, hamuuzii mtu mchicha kabla yeye hajapita. Hapa, alisema, nyumba inaondoka yote saa moja asubuhi, na yeye hukaa akisikiliza jokofu mpaka Neema atoke shule. Hakulalamika. Aliniambia kama anayetaja mvua ya mahali fulani kwa mwaka.

"Wanangu hawa wananipenda," alisema. "Lakini wananipenda jioni."

Nilirudi jikoni. Dani alinitazama akiwa na matumaini, na nikaona aibu kumwambia, lakini nilimwambia. Nilimwambia goti litamuuma hapa na litamuuma kule. Nilimwambia mimi nikiwa muuguzi wake nitamwandikia mazoezi na kumtafutia mtu wa kumwangalia, na kwamba sitamshawishi abaki.

"Na akianguka?" aliuliza.

"Nikianguka kule," alisema Mwalimu kutoka mlangoni, maana alikuwa amenifuata, "watakaokuja kuniinua ni wengi kuliko wa hapa." Akasukuma kiegemeo mpaka mezani, akavuta kiti, akaketi mbele ya mwanawe. "Dani, nimekuja mara tatu. Sasa ni zamu yako."

Dani hakuwa amekanyaga kwao kwa miaka kumi na minne. Mwanzoni ilikuwa makaratasi, kisha masomo, kisha watoto wadogo, kisha zamu. Alianza kuyataja tena, moja baada ya jingine, na mama yake hakumkatiza wala hakumsaidia. Yalipokwisha, Dani alizikusanya zile fomu, akazigonga mezani zilingane, akazigeuza kifudifudi. Alitoa simu akafungua kalenda. Aliipitia miezi kwa kidole, akasimama.

"Desemba shule zitakuwa zimefungwa," alisema, kama anayejisemea. Kisha akamtazama mama yake, na uso wake ulikuwa wa mtu anayeona haya kuuliza. "Desemba huko, huwa kuna mvua au kuna jua?"

Mwalimu alimtazama muda mrefu mwanawe wa miaka arobaini na mitatu aliyesahau majira ya kwao. Alinyoosha mkono juu ya meza, akaushika wake.

"Kuna jua, mwanangu," alisema. "Njoo uone."